Picha Kali Ziko Ukutani kwa Bibi

Jumapili ya kipaimara pale Mbeya mjini, ibada ikitoka tu, masela wa kamera washajipanga getini kitambo. Kila mmoja na kizibao chake cha mifuko kibao, kamera shingoni, jicho linatafuta gauni jeupe. Familia inapangwa kwenye ngazi, shangazi anawekwa sawa kilemba, dogo wa mwisho analazimishwa kucheka wakati viatu vinambana. Msela akishamaliza anachomoa memori kadi, anampa mtu wa boda, boda inapasua mpaka studio. Watu hawajamaliza hata soda, bahasha imerudi. Kanga inatandikwa kwenye majani, picha zinamwagwa juu yake, na shughuli inaanzia hapo.

Kila mtu anainama kujitafuta. "Huyu si mimi huyu?" "Mbona bibi umemkata kichwa?" Kuna mama kashika picha tatu, kuziachia hataki na bei kamili hataki. "Mwanangu, chukua buku mbili kwa zote, nina wageni nyumbani." Msela anajibu kwa heshima ila halegezi: "Mama yangu, karatasi imepanda, wino umepanda, na boda naye anataka chake. Nipe buku buku, hii ya bibi nakuongezea bure." Mama anacheka, anafungua pochi.

Zile zisizonunuliwa msela anaondoka nazo. Nimewahi kukaa na mmoja wao geto kwake Soweto, hapohapo Mbeya, ana boksi limejaa watu wa kitaa ambao siku ile hawakuwa na mkwanja. Hazitupi. Anasema watu huwa wanarudi, hata miaka ikipita, hasa kukiwa na msiba. Mtu kafariki, familia haina picha ya maana ya kuweka kwenye fremu, halafu jirani anakumbuka marehemu alipigwa picha kwenye harusi ya fulani. Usiku huohuo wanamgongea mlango, boksi linashushwa toka juu ya kabati.

Hiyo kazi naiheshimu kinoma, kwa sababu picha inatoka kwenye kamera inaingia mkononi mwa mtu siku ileile. Sisi wa simu janja tumepiga picha nyingi kuliko wote waliotutangulia, na bado ukiniambia nikuonyeshe picha ya utotoni kwangu, nitakupeleka kwa bibi. Pale ukutani, ndani ya fremu kubwa ya kioo, ndimo ukoo wetu wote ulimo: walioolewa, waliozikwa, walioenda Dar hawakurudi. Zinazokaa kwenye simu yangu hazijawahi kukaa ukutani kwa mtu.

Mjomba wangu alikuwa mpiga picha Tukuyu miaka ya tisini. Kamera ya mkanda, picha 36 basi. Ukishafyatua, imeenda, hakuna kufuta. Kwa hiyo mjomba alikuwa hapigi ovyo. Anakuangalia kwanza, anakuzungusha kulikimbia jua, anakwambia ufunge kifungo cha juu, halafu ndiyo anapiga. Mkanda ukijaa anapanda kosta mpaka Mbeya mjini kuusafisha, na kama mvua za Rungwe zimekolea, mtu anasubiri picha yake wiki na zaidi. Kulikuwa na watu wanakuja mlangoni kila siku kuuliza, "Anko, zimetoka?" Zikitoka, mtaa mzima unajua.

Na watu walijiandaa bana! Mtu anaoga, anapaka mafuta mpaka paji la uso linang'aa, anaazima. Kwenye albamu za mjomba kuna saa moja ya mkanda wa chuma, ukiifuatilia unaikuta kwenye mkono wa mshua huyu, ukifunua ukurasa iko kwa mshua mwingine, mbele iko kwa kijana wa Kanisa la Moravian kasimama na Biblia. Mwenye saa hata mjomba hamkumbuki. Ila ukiiangalia ile saa inavyohama mkono kwa mkono, unaona jinsi watu wa kijiji kimoja walivyokuwa wanatengenezana wapendeze. Mkono wenye saa daima uko mbele, umekunjwa kifuani, mwingine umewekwa kiunoni. Hilo ndilo lilikuwa pozi la mjini.

Ndani ya studio mambo yalikuwa ya kitajiri. Pazia limechorwa ndege inapaa, au ghorofa la Ulaya, au maporomoko ya maji, wakati nje tu ya mlango maporomoko ya kweli yapo kibao. Maua ya plastiki, simu ya mezani isiyo na waya, redio kaseti. Huo utamaduni una mizizi mirefu Afrika Mashariki. Zanzibar kuna Capital Art Studio, ilifunguliwa 1930 na Ranchhod Oza, mwanaye Rohit akairithi, na visiwa vizima vimepita mbele ya kamera za ile familia, kuanzia wakubwa wa ikulu mpaka wananchi wa kawaida. Huku kwetu nyanda za juu hakuna studio iliyopata jina kubwa hivyo, ila kazi ilikuwa ileile: mtu wa kawaida anaingia na maisha yake, anatoka na heshima yake kwenye karatasi.

Koti la studio bado lipo mpaka leo. Ingia studio yoyote ya pasipoti saizi, Kabwe ya Mbeya au Miyomboni ya Iringa, angalia nyuma ya mlango. Koti jeusi limening'inia kwenye msumari, na tai ishafungwa tayari, unaivuta tu shingoni. Kola imechakaa kwa ndani, kwa nje haionekani. Hilo koti limeomba kazi nyingi kuliko mtu yeyote mkoani. Limeomba ualimu, udereva, uaskari, limeenda chuo, limejiunga na VETA, limepiga picha za vitambulisho vya watu ambao hawajawahi kununua suti. Mara nyingi pasipoti saizi moja ikikuzwa inakuwa picha ya msibani, kwa hiyo kuna wazee wamezikwa wakiwa na hilo koti kwenye fremu. Mimi naliona ni vazi la heshima kabisa.

Tuhamie Iringa. Ukitoka Mbeya asubuhi ni zaidi ya kilomita 300, na ukikaa dirishani unaona ni kwa nini watu wa njia hii wanapenda kamera. Uyole kuna mama wa viazi na makabichi yaliyopangwa mpaka yanapendeza. Igurusi na Chimala mpunga upande mmoja, milima imesimama upande mwingine. Makambako baridi linaingia dirishani. Ukikaribia Mafinga, misonobari ya Sao Hill inakimbia pembeni mistari kwa mistari, na kila konda anajua hapo abiria watatoa simu. Ukishuka Ipogolo, unapandisha mjini, unamsalimia mtu "Kamwene," naye anakuitikia, safari imeisha.

Jioni wana wa Iringa wanapanda Gangilonga. Ni jiwe kubwa juu ya mji, ukikaa pale unaiona Iringa yote inabadilika rangi jua likizama. Wanachuo wa Mkwawa wanapanda na spika ndogo, wapenzi wanajitenga kidogo, madogo wanapigana picha za kuruka. Wikiendi wanashuka Isimila, kule kwenye zile nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, barabara hiyohiyo ya kurudi Mbeya. Sehemu yenye zana za mawe za watu wa kale, ilianza kujulikana kwa wasomi mwaka 1951, leo watoto wa mjini wanaenda kupiga picha na raba mpya. Sioni ubaya. Wenzao wa Mbeya wanafanya hivyohivyo Ziwa Ngosi, Daraja la Mungu, na Kitulo maua yakichanua kipindi cha mvua. Mahali pazuri panaomba picha.

Ila nitasema wazi ninavyoona: picha ya Ngosi unayo wewe, ninayo mimi, anayo kila aliyepanda ule mlima. Ambayo hana mtu mwingine ni ya maza wako anamenya viazi Julai, kajifunika shuka juu ya sweta, jiko la mkaa miguuni, moshi umempata macho. Ni ya mshua anaziba pancha. Ni ya washkaji wa kijiweni Mafiati wamekaa juu ya boda zao wakibishana Yanga na Simba. Hizo hatupigi, kwa sababu tunaziona kila siku tukidhani zitakuwepo kila siku.

Shangazi yangu alikuwa na kibanda Soko la Mwanjelwa. Soko likaungua 2006, kibanda kikaenda na kila kitu. Alichobaki nacho ni picha moja iliyokuwa nyumbani. Kasimama mbele ya kibanda, mkono kiunoni, nyuma vitenge vimekunjwa vimepangwa mpaka darini, pembeni ndoo ya maji na kigoda. Kwenye kona kuna mama wa kibanda cha jirani kaingia kwenye picha kwa bahati, anacheka, mdomo uko nusu. Wala haikuwa siku ya sherehe. Mpiga picha alikuwa anapita tu na mkanda wake umebakiza chache. Shangazi akiishika anakutajia kila kitenge alikinunua wapi na bei gani. Anakutajia wateja. Anakwambia yule jirani alikuwa anamkopesha chenji asubuhi. Soko jipya limejengwa, zuri, ila ukitaka kuijua Mwanjelwa ya zamani, kaa na shangazi na ile picha nusu saa.

Mimi nina ya kwangu ya msimu wa 2013/14, wana tumevaa zambarau tupu nje ya Uwanja wa Sokoine. Mtu wa Mbeya ukimwonyesha haulizi mwaka. Mbeya City ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu, kocha Juma Mwambusi, jiji zima limedata, tukamaliza nafasi ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, Simba iko chini yetu. Wawili kwenye hiyo picha wapo Tunduma kwenye biashara, mmoja tumemzika. Niliichapa kwa sababu mmoja wetu alitaka ya kubandika geto. Zingine zote tulizopiga siku ile, na tulipiga nyingi, hazipo. Simu zilibadilishwa, memori kadi zikafa, na kwenye Facebook mwenye akaunti alisahau neno la siri.

Hapo ndipo ninapotaka tukae sawa, wana. Mshkaji wangu wa Iyunga simu yake iliibwa kwenye basi. Simu ilikuwa ya kawaida tu, angenunua nyingine. Kilichomliza ni picha za binti yake tangu siku aliyozaliwa: jino la kwanza, kusimama, ile siku alijipaka unga uso mzima. Kuhifadhi mtandaoni kulihitaji bando kubwa, naye bando lake lilikuwa la stetasi na kuongea na wateja. Imebaki picha moja tu ya uchanga wa yule mtoto, ile ambayo bibi yake aliidai kwa nguvu ikachapwa ya ukutani. Kila mgeni akija, inashushwa ile.

Halafu kuna la majina, na hili linaniuma kuliko yote. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe 1891, na walikuwa wanapiga picha. Picha walizopiga kwa Wanyakyusa zipo kwenye hifadhi yao Herrnhut, Ujerumani, na nyingi sasa unaziona mtandaoni kupitia maktaba ya picha za kimisheni ya Chuo Kikuu cha Southern California. Ukizipitia unasisimka. Nyumba za mianzi zilizosukwa kwa ustadi, ndizi, ng'ombe, mlima Rungwe uleule. Ila soma maelezo chini: mara nyingi ni "mwanamke na mtoto," "vijana wa shule," "mzee." Jina la mmisionari lipo. La yule mama halipo. Inawezekana kabisa ni bibi wa bibi yangu, nimemwangalia usoni na sina njia ya kujua.

Miaka ya thelathini, kati ya 1934 na 1938, wakaja Monica Wilson na mumewe Godfrey, watafiti, wakaishi kwa Wanyakyusa, wakapiga picha na kuandika. Karatasi na picha zao zimetunzwa Chuo Kikuu cha Cape Town. Angalau huko tunajua jina la karani wao, Leonard Mwaisumo, kijana wa hukohuko aliyefanya nao kazi ya kutafsiri na kueleza mambo. Jina lake kuandikwa tu kumetosha wasomi wa baadaye kumrudia na kumpa sifa yake.

Iringa nao wana siku yao. Chifu Mkwawa wa Wahehe aliwapiga Wajerumani Lugalo Agosti 1891, akafa 1898, kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulikitaja kabisa kwamba kirudishwe, na bado kilikuja kurudi 19 Juni 1954, gavana Edward Twining akamkabidhi Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge. Picha za siku hiyo zipo, na ukienda makumbusho ya Kalenga unaliona fuvu lenyewe. Twining tunamjua, Adam Sapi tunamjua. Mimi huwa nauwaza ule umati mkubwa wa Wahehe uliokuwepo, wazee ambao baba zao walipigana Lugalo. Kuna familia Kalenga, Tosamaganga na Kihesa zina babu aliyesimama pale siku ile. Kama kuna mzee bado anaweza kunyoosha kidole na kusema yule ni fulani, muda wa kumuuliza ni huu.

Babu mmoja jirani yetu alijenga reli ya TAZARA, ile ya 1970 mpaka 1975. Ana picha nyeusi na nyeupe yuko na mafundi wa Kichina, wote wameshika sepetu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nyuma aliandika kwa penseli mwenyewe: majina ya Waswahili yote kamili, na ya Wachina alivyoyasikia yeye. Maandishi yamefifia lakini yanasomeka. Mwaka gani, kambi ipi, nani alifia kazini, kila kitu kipo kwenye mistari mitano. Sijaona picha iliyotunzwa vizuri zaidi ya hiyo katika nyumba yoyote.

Kwa hiyo mimi nafanya hivi, na nakusanua na wewe ufanye. Kila mwisho wa mwezi nachagua picha chache, nazituma studio kama dokyumenti, maana ukituma WhatsApp kawaida picha inabanwa inapoteza ubora. Naomba karatasi ya picha yenyewe, siyo ya kawaida ya stesheneri. Nyuma naandika nani, wapi, lini, na nani alipiga. Penseli laini ikishika vizuri natumia penseli, ikiteleza natumia kalamu ya wino usiofutika, pembeni, bila kukandamiza. Chagua zile za siku za kawaida kwanza, za sherehe wenzako watakuwa nazo.

Na kutunza kuna kazi yake kwetu huku. Tukuyu mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka, unyevu unaingia kila mahali. Picha iliyobanwa na kioo inaganda nacho, ukiivuta inaacha sura ya mtu kwenye kioo. Weka vipande vyembamba vya karatasi ngumu pembezoni, kati ya picha na kioo, ili visigusane, fremu isikae kwenye ukuta wenye maji wala juu ya jiko la kuni. Ambayo ishaganda usiivute. Ipige picha hapohapo ilipo, mwanga wa dirishani, bila flashi, uwe na nakala kwanza.

Sikukuu ukirudi home, iwe Kyela, Ilembo, Ilula au Kilolo, usianze kumwonyesha bibi picha zako za mjini. Mwombe ashushe fremu yake. Kaa naye, msalimie vizuri, washa rekoda ya simu, nyoosha kidole kwa kila uso: huyu nani bibi, hapa ilikuwa wapi, nani alipiga? Andika. Akichoka, acha, rudi kesho. Halafu mpige picha yeye mwenyewe ameishika ile fremu, nenda kaichape kabla hujapanda basi la kurudi, umwachie moja. Wapiga picha wa Tukuyu mjini, wa Mwanjelwa, wa Miyomboni, wote wapo kazini, na bei mnaelewana.